Ubao wa Waliofia Bama

Shule niliiacha darasa la pili, na siioni haya. Msumeno ndio ulionisomesha. Nilipasua mbao za mkulo katika misitu ya Upare tangu sijaota ndevu, na vita vya Hitla vilipokwisha nilikuwa na duka langu la mbao pale Same, la bati. Basi shule ya misheni ya kwetu mlimani, juu ya Makanya, ilipotaka ubao wa kuchonga majina ya wanafunzi wake wa zamani waliofia vitani kule Bama, mwalimu mkuu alinijia mimi. Ubao niutoe bure. Tena, kwa kuwa miguu yangu inazijua njia zote, nipite nyumba kwa nyumba niulize kila marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Habari zao zingesomwa mbele ya Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya.

Nikapita. Nilisikia habari za watu, si za malaika. Mmoja alikuwa na kigugumizi, lakini akiimba kinatoweka. Mwingine alikuwa mwizi wa miwa. Baba yake alinieleza akicheka mpaka kicheko kikageuka kilio. Nilimpelekea mwalimu kila habari kama nilivyopewa. Yeye akaandika kwa kila mmoja: alikuwa mtiifu, alipenda sala.

"Wote?" nikamwuliza.

"Wafu hawasemwi vibaya, mzee."

"Miwa ni vibaya? Wewe utotoni ulitafuna nini?"

Akachovya kalamu, akaendelea kuandika.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mjane aliyekuwa na mtoto mmoja tu. Nilimkuta akipalilia maharage, wala jembe hakuliweka chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umetumwa na yule?"

"Nimetumwa, ila mdomo ni wangu."

Ndipo akanieleza. Kwetu tunalima kwa ndiva, bwawa la udongo linalokinga maji ya kijito usiku. Asubuhi linafunguliwa, na kila nyumba ina zamu yake. Mwaka mmoja wa ukame mwalimu alitaka maji ya bustani ya shule, alikolima kabichi za kuwauzia Wazungu wa mkonge. Siku ya zamu ya mjane, akatuma wanafunzi wauzibe mfereji wake ili maji yageukie shuleni. Miongoni mwao alikuwemo mwanawe. Kijana akatupa jembe, akasema yeye hamzibii mama yake maji. Akachapwa mbele ya shule nzima, akafukuzwa. Juma lilelile akateremka Same, akapanda lori la Keya, jeshi la Mfalme wa Waingereza.

"Yaseme hayo," mama akaniambia. "Yasiposemwa, jina lake lisiwemo. Sitaki asifiwe na aliyemfukuza."

Nikamwahidi. Mwalimu nilipompelekea, aliisikiliza habari ile akainua nyusi. "Siku ya mashujaa si siku ya mifereji, mzee. Na jina litabaki. Shule inajivunia kijana yule."

Inajivunia. Ngozi ya mgongo wake waliibandua wao, sasa wanajivunia.

Siku ikafika. Bwana Shauri akapewa kiti, sisi nyasi. Mwalimu akasoma, na alipofika kwa mtoto wa mjane akasema: "Aliacha masomo kwa hiari yake, apate kuitikia wito wa Mfalme." Mama yule alikuwa ameketi kati ya wanawake wenzake. Hakumtazama mwalimu. Alinitazama mimi.

Nikasimama. Nikasema yote kwa Kiswahili, maana Bwana Shauri alikijua: zamu, mfereji, fimbo, lori. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mwalimu.

"Huyu ana kesi gani?"

"Ni mambo yao ya maji, bwana. Hakusoma."

"Kesi za maji hupelekwa kwa jumbe, siku ya baraza. Keti, mzee."

Nyuma yangu watu wakacheka, tena watu wa kwetu, wenye watoto palepale shuleni. Mtoto wa mtu amefia Bama, imekuwa kesi ya maji.

Sikuketi. Patasi niliyosawazishia ubao asubuhi ilikuwa bado mfukoni. Nikauendea ubao ukutani, nikalikwangua jina herufi kwa herufi.

"Unaharibu mali ya shule," mwalimu akasema.

"Ubao nimetoa mimi, na jina ni la mama yake. Ya shule hapa ni misumari tu."

Hakuna aliyenigusa. Mikono ya mpasua mbao wanaijua.

Nilimkuta mama njiani, anarudi kwake peke yake. Nilikuwa nimejaa sifa zangu, nikitegemea shukrani.

"Mama, nimelitoa."

"Nimeona, baba." Alikaza kanga kiunoni. "Lakini kumtoa, wale walikwisha kumtoa shuleni. Mimi nilitaka mmrudishe."

Akapanda zake mlima. Mimi nikateremka kwangu Same, na vumbi la jina lake bado liko kwenye patasi.