Kapteni alimwacha dada wa watu njiani Kilema, asubuhi akamletea sale

Wakuu, mnaostahili shikamoo pokeeni, wengine mambo vipi. Naandika kama ilivyokuwa, hata sehemu niliyojiaibisha mwenyewe sitaificha.

Tulikuwa kumi na moja, safari ya baiskeli Moshi hadi Tanga. Siku ya kwanza kupanda Kilema na kulala huko, siku ya pili kushuka Himo na kushika lami kwenda Same.

Niliuliza: kama tunaenda Tanga, kwa nini tunaanza kwa kupanda mlima?

Nikajibiwa, "Msomi, kanyaga pedeli."

Sawa.

Sheria kubwa ilikuwa moja. Kuna mtu wa nyuma. Ndiye anabeba pampu, spana na mnyororo wa akiba, na haruhusiwi kumpita mtu yeyote. Siku hiyo mtu wa nyuma alikuwa kapteni mwenyewe, tumwite Elly.

Mwenzetu mmoja anaitwa Haika, mwalimu wa shule ya msingi, anakaa Rau. Amefanya mazoezi tangu mwaka jana, kila alfajiri kabla ya kengele ya shule. Likizo yake yote kaiweka kwenye safari hii.

Tukiwa katikati ya mlima, mvua ikashuka. Barabara ikawa utelezi mtupu. Mnyororo wa Haika ukakatika.

Elly akamkuta amesimama. Akamwambia, "Nakuja sasa hivi," akampita na mfuko wa spana mgongoni.

Alikuwa anawahi nini? Picha! Walio mbele walikuwa wamefika kwenye kanisa la Kilema, wanapiga picha ya kundi, na kapteni hakutaka kukosekana.

Haika alisukuma baiskeli mpaka giza likaanza kuingia. Alifika kwa mwenyeji wetu, bibi mmoja wa hapo Kilema, ameloa, goti limevimba kwa kuteleza njiani. Elly alikuwa anakula mtori.

Bila hata pole, akatutangazia: "Haika kesho anapanda gari arudi Moshi. Anatuchelewesha."

Watu wakanung'unika, wakalala.

Asubuhi ndiyo ilinimaliza. Elly akaenda kwenye uzio wa bibi, akachuma sale, akalifunga fundo, akamletea Haika mbele yetu sote.

Kwa wasio wa huku: sale ni lile jani refu tunalopanda kwenye mipaka ya vihamba, yale mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba. Mtu akikuletea kuomba msamaha, unasamehe. Kukataa ni aibu yako na ya ukoo wako.

"Dada Haika, yaishe," akasema. "Gari lako linakuja saa mbili."

Yaani asamehewe, na aliyekosewa ndiye aondoke!

Na watu wakapiga makofi. Wakuu, na mimi nilipiga. Mikono ilitangulia akili.

Haika alikuwa analia, mkono umeshaanza kunyooka kulipokea. Bibi akatokea na mzigo wa majani ya ng'ombe.

"We baba, hilo sale la nini?"

"La msamaha, Bibi."

"Kosa gani?"

"Si haya mambo ya jana..."

"Jana haiendeshi baiskeli. Wewe ulifanya nini?"

Elly akaanza kukaza upya fundo la lile jani.

"Basi hujaleta sale. Umeniharibia uzio tu."

Elly akacheka kicheko cha aibu, akasema muda umekwenda, akaondoka na wanane. Tukabaki mimi na Haika.

Nikamuuliza kama anasubiri gari. Akafuta machozi. "Kushuka kunahitaji mnyororo?"

Tukateremka hadi Himo, yeye akiserereka, mikono kwenye breki. Fundi akaunga ule mnyororo kabla sijamaliza chai. Kazi ya dakika chache ndiyo ilitaka kumnyima mtu safari aliyoiandaa mwaka mzima!

Same tulifika jua likizama. Wenzetu walikuwa wamekaa nje ya gesti. Elly akasimama. "Mwalimu! Si umeshanisamehe?"

"Nikusamehe nini? Kitaje."

Akatazama huku na huku. Safari hii hakuna aliyemsaidia kwa makofi.

"Niliona mnyororo wako umekatika," akasema taratibu. "Nikakupita. Halafu nikasema wewe ndiye tatizo."

"Haya. Nimesamehe," Haika akasema, akanyoosha mkono. "Lete huo mfuko wa spana. Kuanzia kesho nyuma nakaa mimi."

Nilichojifunza: anayekukimbiza usamehe mara nyingi anakimbia kutaja alichofanya. Na sisi watazamaji tunaopenda "yaishe" ndio tunaomsindikiza. Naona aibu hadi leo.

Wachagga wenzangu na wengine wote, nikosoeni. Sale lililoletwa bila kosa kutajwa, ungelipokea? Na wewe ungepiga makofi?