Niliona Kabla ya Mama Mdogo, Nikanyamaza

Admin, ficha jina langu na la kliniki. Mengine yaache kama nilivyoandika.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na mmoja, Mnubi wa Jinja, nimekulia mitaa ya Nalufenya na Walukuba. Nimepata nafasi mbili za kusoma na lazima nijibu wiki hii. Moja ni uuguzi, hapa hapa Jinja. Nyingine ni radiografia, yaani kazi ya kupiga picha za eksirei na skani, na chuo kiko Mbale. Nyumbani hakuna anayeona kwamba kuna la kuchagua.

Mtaani waliniita musawo, yaani daktari, kabla sijamaliza shule. Bibi yangu alipopata kiharusi, mimi ndiye niliyekaa naye wodini. Wanaozijua wodi zetu wanajua: nesi analeta dawa na sindano, lakini kumgeuza mgonjwa, kumwosha na kumlisha uji ni kazi ya ndugu aliyetandika mkeka kando ya kitanda. Niliifanya wodini, kisha nyumbani, mpaka bibi akafariki. Tangu hapo mtu akiungua au akianguka, mlango wetu unagongwa. "Musawo, njoo uone mguu wa huyu mtoto." Mama anajivuna. Mama mdogo, aliyenilea kwake Nalufenya wakati mama akifanya biashara Kenya, alikuwa akisema, "Huyu hata akizaliwa tena atakuwa nesi." Hakuna aliyeniuliza kama niliipenda kazi ile. Sikuichukia. Ila mimi najua uzito wake, wao wanajua sifa zake tu.

Baada ya shule nilipata kibarua Mbale kwenye kliniki ya skani. Niliajiriwa kuita majina ya wagonjwa, lakini kazi ikazaa nyingine. Mpiga picha wetu ni mwanamume, na akina mama wengi wa Kiislamu hawakubali kufunua tumbo mbele yake wakiwa peke yao. Basi nikawa nasimama nao ndani ya pazia, nashika kitenge, nafunika panapostahili kufunikwa. Walimwita Afande kwa sababu ya amri zake: vuta pumzi, shikilia, achia.

"Afande, mkono wako baridi kama wa polisi!"

"Jeli hiyo, mama. Mimi sina hatia."

Pale niliposimama, kioo cha mashine kilikuwa mbele ya macho yangu. Nikaanza kuuliza, naye akaanza kunifundisha. Hii figo. Hiki kibofu. Huu moyo wa mtoto, angalia unavyopepesa. Ikafika siku nikawa naona kabla hajasema. Sijawahi kupenda kitu kingine namna ile.

Halafu mama mdogo akaja. Alikuwa amekaa kwenye ndoa miaka mingi bila mtoto, na mimba hii ilikuwa imefika mbali. Jinja kuna skani, lakini alisafiri mpaka Mbale kwa sababu mimi nipo. Akapanda kitandani akicheka. "Tangu juzi amelala tu. Mvivu kama baba yake."

Afande alipitisha kifaa tumboni, akarudi, akapitisha tena. Hakutoa amri yoyote. Nilitazama pale moyo unapopaswa kupepesa. Palikuwa pametulia.

Mama mdogo hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. "Mwanangu, unaona nini?"

Pale kliniki mpiga picha hatangazi majibu, daktari ndiye anayesema. Na mimi sikuwa hata mpiga picha. Nikamjibu, "Daktari atakuambia, mama mdogo." Nikafuta jeli, nikamfunika kitenge. Akatoka, akaketi kwenye benchi na chai na mandazi, akaanza kubishana na wenzake kuhusu majina ya watoto. Nilimsikia akicheka upande wa pili wa pazia huku nikimwandaa mgonjwa mwingine. Kisha daktari akamwita.

Alilazwa hospitalini hapo hapo Mbale, akamzaa mtoto aliyekwisha kufa tumboni. Nesi wa zamu alikaa naye mpaka ikaisha. Tuliporudi Jinja, mama mdogo akaniambia, "Ulinifunika kitenge ukiwa unajua. Ukaniacha ninywe chai."

Nikamwambia haikuwa kazi yangu kusema.

"Basi usiende kusomea kazi ya kunyamaza. Yule nesi hanijui, lakini alinishika mkono."

Mama akaongeza kwamba mashine imeanza kunigeuza mashine. Mama mdogo amesema nikienda Mbale nisimwite mama tena.

Tangu hapo situlii. Asubuhi naamua uuguzi, nikifika Bugembe sokoni nimeshabadilisha. Nisichoweza kuwaambia ni kwamba tangu siku ile naitaka radiografia zaidi. Kile kifaa kikiwa mkononi mwangu, mwanamke wa kwetu hatahitaji mtu wa kumlinda ndani ya pazia. Tena Afande aliangalia, akaangalia tena, kabla ya kukubali alichokiona. Nataka kuwa mtu wa kuangalia hivyo. Lakini najua pia kwamba nikimaliza chuo, jibu lile lile nitalitoa maisha yangu yote, na katika mji kama wetu nitalitoa kwa watu ninaowajua. Nikiwa nesi nitashika mikono, lakini mwingine atakuwa ameshaona kabla yangu.

Habari za ajira na mishahara nimeshaambiwa, msinirudie. Nawauliza wanawake mliowahi kulala kwenye kile kitanda: mlipouliza "unaona nini", mlitaka aliyesimama pale awajibu vipi?

Jana mama mdogo alipiga simu, mara ya kwanza tangu msiba. Akauliza nimechagua nini. Nikajikuta nimesema, "Mama atakuambia." Akakata.

Sitaki kumjibu hivyo tena. Nishaurini, nimwambie nini?