Asubuhi Gesi Ilipokatwa Anoka

Haika Mlaki alikuja Saint Paul mwaka 1993 kusomea uchumi wa kilimo. Wenzake waliandika tasnifu kuhusu kahawa na mahindi, yeye akachagua gesi asilia, na walimcheka sana. Alijifungia maktabani na takwimu za Uholanzi, Kanada na Uingereza, akifuatilia jinsi wakulima wa nchi tajiri walivyoacha makaa na mafuta mazito wakahamia gesi: ya kukaushia nafaka, ya kutengenezea mbolea, na ya kupashia joto vitalu vya vioo wakati wa baridi. "Huku nyanya zinalimwa kwa moto," alimwambia baba yake kwa simu. Mzee, ambaye alilima Machame maisha yake yote, akadhani simu ni mbovu.

Ili apate takwimu za karibu, alichukua kibarua kwenye shamba la maua pembezoni mwa Anoka, mji jirani. Kila siku alisoma mita za gesi, kisha akakata maua pamoja na Nkatha, mama wa Kimeru aliyekuwa pia akihudumia wazee katika nyumba ya kulelea. Msimamizi wao alikuwa Harrison, mkwe wa mwenye shamba, mtu wa mabega mapana aliyezoea kupiga milango kwa teke hata ikiwa wazi. Siku ya kwanza alimrushia Nkatha ndoo kwa sababu alikuwa amekosea safu.

Haika ndiye aliyemshauri mwenye shamba abadilishe mkataba. Alimwonyesha kwamba wakulima wengi walipata gesi kwa bei nafuu kwa kukubali kukatiwa gesi ya bomba siku za baridi kali, ili nyumba za watu zisikose joto. Siku hizo shamba lingewasha gesi ya akiba iliyo kwenye tangi lake. Mwenye shamba alikubali na kumkabidhi Harrison kazi ya kujaza tangi. Haika aliandika ushauri huo kwa fahari katika sura ya nne ya tasnifu yake. Hakwenda kulitazama tangi.

Mapema Februari 1996 joto lilishuka hadi nyuzi thelathini na tano chini ya sifuri. Mate yaliganda kabla ya kufika chini. Saa nne asubuhi fundi wa kampuni ya gesi alikuja, akafunga vali kubwa nje ya chumba cha boila, mtambo uliopasha vitalu joto, akatia kufuli na kuondoka. Harrison alikwenda kufungua tangi. Lilikuwa tupu; hakuwahi kulijaza.

Kwa saa nzima Haika alimsikia akivunja vitu. Alipindua meza ya miche, akakipiga kioo ngumi mpaka mkono ukachuruzika damu. Kisha akachukua mkasi mkubwa wa kukatia chuma, akakata kufuli na kuifungua vali. Moto mdogo wa kuwashia vichomeo ulikuwa umezimika tangu gesi ilipokatwa, na kifaa cha usalama kingezuia gesi isipite bila moto huo. Harrison alikiunganisha kwa kipande cha waya ili gesi ipite tu.

Haika alifika mlangoni mwa chumba cha boila na harufu ikampiga puani. Mle ndani Harrison alikuwa amechuchumaa, akipekua mfukoni kutafuta kiberiti.

"Usiwashe," Haika alimwambia. "Gesi imejaa humu. Toka nje."

"Maua yote yatakufa kabla ya saa sita."

"Na yafe. Toka."

Haika aliruka kati ya Harrison na boila, akamshika kifundo cha mkono uliokuwa tayari na kiberiti. Harrison aliokota spana kwa mkono wa pili. Alimpiga nayo kwenye mfupa wa bega, na Haika akausikia ukivunjika. Alipoanguka, alimpiga teke la mbavu, kisha la pili. Haika hakumwachia. Aliuma ule mkono mpaka kiberiti kikaanguka.

Nkatha aliingia na koleo la theluji. Alimpiga Harrison kisogoni mara moja, kwa nguvu zote, naye akaanguka kifudifudi.

"Twende," alisema Nkatha, akimvuta Haika.

"Mshike mguu."

"Huyu? Wacha akae hapo."

"Dada Nkatha, pampu ya maji ya boila inawaka yenyewe. Ikitoa cheche atakufa. Mshike."

Nkatha alitukana kwa Kimeru, akatupa koleo, akashika mguu. Haika alivuta mwingine kwa mkono mmoja, huku akilia kwa maumivu. Walimburuta kwenye theluji mpaka nyuma ya lori la shamba. Hapo pampu ikawaka.

Ukuta wa chumba ulitoka mzima mzima. Mlipuko uliwabwaga chini, kisha vioo vya kitalu cha kwanza vikapasuka, na cha pili, vikanyesha kwa muda mrefu kama mvua ya visu. Kipande kimoja kikamchana Harrison jicho la kushoto. Nkatha alimlalia Haika juu yake mpaka kukawa kimya, halafu akauliza kwa Kiingereza kama anaweza kupumua.

Wakati wa uchunguzi, Harrison alidai hakujua kwamba gesi imejaa. Haika alieleza yote, pamoja na kwamba mkataba ulikuwa ushauri wake na kwamba hakuwahi kukagua tangi.

"Nani alikuuliza hiyo?" Nkatha alimfokea ukumbini. "Unajitia kwa shida bure."

"Ni kweli."

"Kweli si lazima iishe yote siku moja."

Harrison alifungwa miezi minane. Haika aliiandika upya sura ya nne, akapata shahada, kisha akaajiriwa kukagua boila za mashamba.

Mwaka 1998 alikwenda kukagua vitalu vya nyanya karibu na Shakopee. Aliyemfungulia mlango wa boila alikuwa Harrison, kitambaa cheusi kikiwa kimefunika jicho moja. Walitazamana.

"Utanifukuzisha," alisema Harrison.

"Nimekuja kukagua vichomeo. Simama kule, nikuone."

Alisimama pale alipoelekezwa. Haika alipima kila kiungo cha bomba, akajaribu kifaa cha usalama mara tatu, akafungua kifuniko kutafuta waya. Hapakuwa na waya. Aliweka sahihi, akampa karatasi bila kumtazama, akaenda kwenye gari. Alikaa pale karibu nusu saa, ufunguo ukiwa mkononi, ndipo akaweza kuondoka.