Mahakama ya Darasa la Sita

Safari ile ilinuka dizeli, maganda ya machungwa na mayai ya kuchemsha. Basi la kukodi liliondoka Dodoma mjini alfajiri kuelekea Kondoa, nasi wanafunzi wa darasa la sita tukiwa tumebanana ndani, magodoro yetu yamefungwa kamba juu ya keria. Tulikuwa tunakwenda kambi: tukae siku chache katika shule moja ya kijijini, tujifunze kwa michezo, kisha tupelekwe kuona michoro ya watu wa kale kwenye miamba ya Kolo. Barabara ilikuwa bado ya vumbi, na vumbi lile jekundu lilituingia puani hadi tukawa tunatema mate ya rangi ya matofali. Sikujali. Nilikaa na Rehema, rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Mama alitusindikiza kutoka mtaani kwetu Nkuhungu, na mlangoni mwa basi alituambia neno moja tu: mtazamane.

Aliyetuongoza alikuwa Mwalimu Chiwanga, mwalimu wetu wa Uraia. Tulimpenda kwa sababu hakuwa mtu wa fimbo. Alichora ramani ya Tanzania uwanjani kwa majivu, akatupanga juu yake kila mtu na mkoa wake, tukawa tunasafirishiana pamba, samaki na zabibu kwa kurushiana mawe. Alituhesabisha kwa vizibo vya soda. Jioni ya kwanza akaanzisha mchezo wa mahakama, tuelewe kazi ya mhimili wa tatu wa dola. Rehema, kwa kuwa alisoma vizuri kuliko sote, akafanywa hakimu. Alijifunga shuka jeusi mabegani, akahukumu kesi ya mbuzi aliyekula mahindi ya jirani. Tulicheka hadi mbavu zikauma. Nilijivunia kuwa hakimu yule alikuwa wangu, na kwamba tungelala godoro moja.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Asubuhi niliamka kwa baridi ya Kondoa, na kabla sijafumbua macho nilijua nimelowa. Sikuwa mtoto wa kukojoa kitandani. Labda ni baridi, labda ni chai nyingi ya mchaichai tuliyokunywa kwa mashindano, labda ni woga wa kwenda chooni gizani. Hadi leo sijui. Rehema naye alikuwa amelowa gauni upande mmoja. Alinitazama, akanitazama tena, akaninong'oneza tuligeuze godoro upesi na mtu asijue. Tulikuwa tunaligeuza wakati msichana wa godoro la jirani alipoinua kichwa, akavuta hewa kwa pua, akauliza ni nani. Darasa zima la wasichana likaamka kuuliza ni nani. Tulikuwa wawili, na godoro lilikuwa moja.

Habari ilimfikia Mwalimu Chiwanga wakati wa uji. Ningependa kusema alikasirika, maana hasira ningeielewa. Alifurahi. Alisema jana tulihukumu mbuzi wa kubuni, na sasa tumepata kesi yenyewe, kwa hiyo tutaona namna sheria inavyofanya kazi. Madawati yakapangwa nje, chini ya mlingoti wa bendera. Godoro likaletwa kuwa kielelezo, wanafunzi wakapita mmoja mmoja kulinusa na kutoa ushahidi. Watoto wa shule ile wenyeji wakajaa pembeni, na akina mama waliokuwa wakienda kisimani wakatua ndoo zao kutazama. Rehema alikaa kwenye kiti cha mwalimu, shuka jeusi mabegani. Mtu mmoja nyuma akauliza kwa sauti kwa nini hakimu naye asiwe mshitakiwa, na kicheko kikapita. Niliona midomo ya Rehema ikikauka. Nikaelewa, kwa akili yangu ya utoto, kwamba mmoja wetu lazima atoke pale akiwa mkojozi, na kwamba kiti hakikuwa changu.

Aliniuliza kama nakubali kosa. Nilimtazama usoni nikisubiri anikonyeze, au atabasamu kidogo tu, nijue bado tunacheza. Alikuwa akitazama bendera. Nikasema nakubali.

"Mahakama imekuona una hatia," alisema Rehema. "Wewe peke yako."

Mwalimu Chiwanga alimpigia makofi. Kisha akawageukia wote kueleza kuwa mtu anayekiri kosa hupunguziwa adhabu, akashauri badala ya kuzunguka uwanja mzima nizunguke mlingoti tu, godoro kichwani. Godoro la sponji likilowa huwa zito, mtoto akilibeba kichwani hufunikwa uso, na maji hayana adabu, hutafuta njia. Niliona miguu yangu tu na ule mchanga. Wenzangu waliambiwa waimbe, na kwa kuwa hakukuwa na wimbo wa jambo hilo, wakatunga: Bahi, Bahi, maji tele, Bahi haingoji mvua. Kila mtoto wa Dodoma anajua Bahi ni bondeni, maji hutuama, watu hulima mpunga. Katika nchi yetu kavu ile ni sifa. Siku ile likawa jina langu.

Kesho yake tulipanda miamba ya Kolo. Mwongozaji alituonyesha watu warefu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu, akasema hakuna anayejua nyuso zao zilivyokuwa. Rehema alitembea mbele na wengine. Nilipomsogelea aliongeza mwendo.

Nyumbani mama alilinusa godoro, akalianika nyuma ya nyumba ambako majirani hawaoni, akaniambia nisimwambie baba. Hakwenda shuleni. Muhula ulipofunguliwa, Rehema aliomba kubadilishiwa dawati akapewa, nami nikaitwa Bahi hadi nilipomaliza darasa la saba. Walimu wawili watatu waliniita hivyo pia, bila ubaya, kwa kuwa walidhani ndilo jina langu. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, husema watu, lakini waliojikwaa ulimi hawakuchechemea.

Sasa nafanya kazi katika ofisi za serikali kule Mtumba, na binti yangu Neema yuko darasa la tano. Shule yake pia huwapeleka kambi. Wanalala kwenye vitanda, walimu wanatutumia picha kwenye simu kabla hata uji haujapoa, na ukutani wamebandika haki za mtoto kwa herufi za rangi. Mwezi uliopita alirudi kambini akiwa na furaha, akatusimulia wakati wa chakula habari za mwenzao aliyetapika kwenye basi. Alikuwa amekula tambi. Sasa anaitwa Tambi, na wamemtungia wimbo. Neema aliuimba wote. Baba yake alicheka, kwa kweli ulikuwa na mahadhi mazuri.

Nilimuuliza jina halisi la mtoto huyo. Alifikiri, kijiko mkononi, akasema ni wa mkondo mwingine, hajui. Nikamwambia kesho akamuulize, na tangu siku hiyo amwite kwa jina lake. Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia.

Kesho yake aliporudi aliniamkia shikamoo, akavua viatu, akaniambia ameuliza kama nilivyomtuma.

"Hakutaka kunitajia, mama. Kasema tumwite tu Tambi, keshazoea."