Alama ya Kijani Juu ya Neno "Ila"

Nimekosa. Naanza na neno hilo kwa sababu nimekwisha kulizungushia maneno mengine mengi mbele ya watu waliostahili kuambiwa ukweli, na kila nililolitanguliza lilikuwa la kulificha. Jina langu sitalitaja. Wewe unayenisoma hunijui, na ndiyo maana nakuambia wewe.

Mimi ni mwalimu wa lugha. Nilifundisha sarufi miaka mingi, kisha nikaajiriwa na kampuni moja inayonunua viungo na matunda milimani na kuyauza mijini. Ofisi yetu iko Bigwa, chini ya Uluguru. Nilikabidhiwa usimamizi wa mawasiliano, nikaupokea kwa kiburi cha mtu aliyezoea kusahihisha wenzake.

Hali niliyoikuta ilinikera. Dereva anapiga kwa simu yake, wakala wa mlimani anatuma sauti kwenye kundi, mhasibu yuko kwenye barua pepe, mteja wa Dar es Salaam anataka mkutano wa mtandaoni, na hakuna ajuaye mwenzake kaambiwa nini. Mzigo wa mdalasini ulipata kunyeshewa barabarani kwa sababu kila mmoja wetu alidhani mwingine ndiye aliyejibu.

Nikashauri tununue mfumo mmoja wa kuunganisha yote: simu, ujumbe, mikutano, nyaraka. Mlango mmoja, namba moja. Hata simu yangu ya mkononi niliiingiza humo. Aliyenitafuta saa za kazi, awe mnunuzi au awe ndugu wa damu, alipita mlango huohuo. Kumbe nilikuwa najifungia mwenyewe!

Nilipokuwa na shughuli, mpigaji alisikia sauti ya kumkaribisha, akaacha ujumbe, na mfumo ukaugeuza kuwa maandishi kwenye kompyuta yangu. Sauti hiyo ilikuwa yangu. Niliirekodi mwenyewe, nikairudia na kuirudia, mpaka kila irabu ikakaa mahali pake. Mpigaji aliponyamaza, sauti hiyohiyo ilimwambia: "Ujumbe wako umepokelewa. Ahsante."

Ujumbe ulioingia siku za mwanzo ulikuwa mrefu kupita kiasi. Zuhura, mwenzangu wa meza ya pili anayeshughulikia oda, alikuwa akisikiliza huku akicheka.

"Mwalimu, huyu kaanza na wewe, kaenda kwa wanao, sasa yuko kwa mbuzi. Akimaliza mbuzi ndiyo atasema anataka magunia."

"Na sisi tumngoje mbuzi?"

"Si ndiyo adabu? Au mwenzetu ulizaliwa Ulaya?"

Nilizaliwa Kinole, hukohuko mlimani. Kwetu, na nadhani hata kwenu, mtu akiulizwa habari hujibu "salama" hata kama nyumba imeungua. Salama ni ukumbi tu. Habari yenyewe imekaa chumba cha ndani, na mlango wake ni neno moja dogo. "Salama, ila mtoto ana homa." "Wazima tu, ila shamba limeporomoka." Nililijua hilo kabla sijajua kusoma. Ukubwani nikalifundisha darasani kwa chaki: "ila", kiunganishi kinachogeuza maana ya yaliyotangulia.

Nililijua! Hata hivyo nikaweka kikomo, ujumbe usizidi nusu dakika. Kisha nikaufundisha mfumo namna ya kupanga. Ukisikia "salama", "wazima" au "hatujambo", uweke alama ya kijani, nitausoma nikipata nafasi. Ukisikia "ajali", "haraka" au "amefariki", uweke nyekundu na kengele ilie papo hapo.

"Nusu dakika?" Zuhura akashangaa. "Mtu wa mlimani kwa nusu dakika hajafika hata kwa mkeo."

"Watajifunza."

Walijifunza. Utaona walivyojifunza.

Wakala wetu wa Kinole ni kaka yangu mkubwa. Yeye ndiye aliyebaki nyumbani na mama. Mwanzoni alizoea kunipigia wakati wowote, nami nikamkanya, tena kwa maneno makali kuliko yanayomfaa mtu aliyenibeba mgongoni: "Kaka, hapa ni kazini. Mambo yote pitishia kwenye mfumo." Akanijibu, "Haya, mdogo wangu. Nyinyi ndio wasomi."

Masika yaliyopita, asubuhi ya siku ya kawaida kabisa, nilikuwa kwenye mkutano wa mtandaoni na wanunuzi. Ukingoni mwa kioo cha kompyuta ukatokea ujumbe kutoka Kinole. Kijani. Mkutano ukaendelea. Uani, chini ya dirisha langu, gari la kampuni lilikuwa limeegeshwa, dereva akilisugua matope kwa utulivu, maana siku hiyo halikuwa na safari.

Alasiri kengele ililia. Nyekundu. Kaka yangu alikuwa amepiga tena, akakaribishwa na sauti yangu ileile, na safari hii hakunisalimu wala hakumuulizia mtu. Alisema maneno mawili tu: "Mama amefariki."

Mfumo ulifanya kazi yake barabara. Haukukosea hata herufi.

Nilipanda Kinole kwa gari lilelile, safi, linang'aa. Yaliyotokea alinisimulia kaka baada ya mazishi, tukiwa tumekaa kwenye mkeka, bila hasira yoyote. Afadhali angenipiga!

Mama aliamka akipumua kwa shida. Kaka akataka kumpakia kwenye bodaboda, amteremshe mjini hivyohivyo. Mama akakataa, njia ilikuwa utelezi mtupu, akaogopa. Akasema, "Mpigie mwanangu atuletee gari." Kaka akapiga, akafungua spika ili mama naye asikie. Akasalimu kama alivyolelewa. Akaeleza ugonjwa, akaomba gari, akaeleza mpaka mahali pa kugeuzia. Yote hayo aliyasema hewani, mfumo ukiwa umeshaacha kumsikiliza. Kisha sauti yangu ikatoka: "Ujumbe wako umepokelewa. Ahsante."

"Huyo ni yeye," mama akasema. "Umesikia? Kasema kapokea."

"Mama, huo ni mtambo," kaka akamwambia.

"Mtambo nini! Sauti ya mwanangu nisiijue? Tumngoje."

Wakaningoja. Walimvisha mama khanga zake za safari, wakamketisha kibarazani upande unaoonekana barabara. Adhuhuri kaka alitaka kupiga tena, mama akamzuia: "Usimsumbue, yuko kazini. Keshasema." Jua lilipoanza kuinama, pumzi zikawa nzito, majirani wakafunga machela wakaanza kumteremsha kwa miguu. Hawakufika mbali.

Kwetu ukoo ni wa mama. Aliye na kauli kwenye msiba ni mjomba. Siku ya kuanua matanga, mjomba aliniita katikati ya watu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza taratibu:

"Mpwa wangu, ule ujumbe wa asubuhi haukukufikia?"

Nikamjibu, "Mjomba, mtambo uliukata."

Ni sentensi timamu. Ina kiima, ina kiarifu, na hakuna neno hata moja ndani yake lisilo kweli. Ndiyo uongo mkubwa kuliko wote niliopata kuusema.

Watu waliguna, wakautukana mtambo, wakanipa pole. Mwanamke mmoja alisema, "Mashine haina mama." Kaka yangu akanishika bega. Wakanisamehe kosa ambalo sikulitenda, nami nikaupokea msamaha huo kama mwizi anayepokea sadaka.

Sasa nakuambia wewe nisilowaambia wao. Ujumbe ule niliusoma. Niliusoma palepale, mkutano ukiendelea. Naukumbuka hadi leo: "Habari za huko, mdogo wangu? Shemeji hajambo? Watoto wazima? Poleni na kazi. Sisi huku salama, tunamshukuru Mungu, mama anakusalimu sana, ila"

Uliishia hapo. Hapakuwa na nukta wala mkato, ni "ila" tu, imesimama peke yake mwisho wa mstari, chini ya alama ya kijani.

Niliiona! Jicho la mwalimu halipitwi na sentensi isiyokamilika. Unajua nilifanya nini? Nilitabasamu. Nikajisemea moyoni, kaka hajui kumaliza sentensi. Mtoto wa Kinole, aliyezaliwa na kulelewa akijua ni nini hukaa nyuma ya neno lile, nikaiamini rangi niliyoipanga mwenyewe. Nikamgeukia mnunuzi, nikaendelea kujadili iliki.

Mtambo uliukata ujumbe, naam. Lakini uliniachia neno moja lililotosha kumwinua mtu yeyote mwenye mama kutoka kitini.

Nimeondoa kikomo. Nimefuta rangi zote. Sauti yangu nimeitoa, sasa anayepokea ni Zuhura, anayengoja mpaka mbuzi waishe. Hayo yote yameisaidia kampuni. Mimi hayajanisaidia chochote. Kuungama kwa kaka nimejaribu. Nikifika Kinole namkuta kanichumia machungwa, kayaweka kikapuni, nami naishia kuyamenya. Nikimwambia, nitampokonya faraja yake moja, kwamba mdogo wake hakujua. Nisipomwambia, nakula machungwa yake kwa uongo. Sioni njia ya tatu, na nimekwisha acha kuitafuta.

Wewe unayepanga mawasiliano ya ofisi, ya duka, au hata ya nyumba yako, unganisha unavyotaka kuunganisha. Ila usimpe mtu jibu la "umepokelewa" kama hakuna moyo uliopokea. Na mtu akikwambia salama, usikate. Usigeuze uso. Ngoja kidogo, hata kama una wakubwa mbele yako, maana huenda hajafika alikokuwa anakwenda.

Kaka yangu bado ni wakala wetu. Hupiga simu kila mzigo ukiwa tayari. Zuhura humwambia nipo, hunipa simu, nami huipokea nikiomba anisalimu. Hanisalimu tena.

"Magunia yako tayari," husema. "Leteni gari."

Kisha hukata.