Michango ya Kunivusha Ziwa

Habari kwamba nitakwenda ng'ambo niliipata nikitwanga sombe, majani ya muhogo ya mboga. Mama mkwe alirudi kutoka mkutano wa wamama wa parokia, akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye kiti kifupi bila kuomba maji.

"Wanatafuta muntu wa kwenda kusaidia hospitali ya masista kule ng'ambo, upande wa Kigoma," alisema. "Mwaka mmoja. Nimetoa jina lako."

"Ndiyo, Mama."

"Hakuna mushahara. Chakula na kitanda tu. Nauli ya kwenda na ya kurudi tutaitafuta sisi wenyewe."

"Ndiyo, Mama."

Alinitazama. Nadhani njia nzima kutoka kanisani alikuwa akipanga namna ya kubishana nami, na sasa maneno yake yalikosa kazi. Nikaendelea kutwanga.

Mume wangu alikuwa mfanyabiashara mdogo. Alipakia ndagala wakavu, dagaa wa ziwa letu, kwenye treni hadi Kabalo, akarudi na mahindi na mawese. Safari moja homa ilimkamata hukohuko Kabalo, na treni ikamrudisha katika behewa la mizigo, amefungwa ndani ya shuka mbili, kando ya magunia. Tulikwenda stesheni ya Kalemie kumpokea, mimi na mama mkwe. Mfanyakazi mmoja wa treni alituomba tusogee kwanza wateremshe mapipa ya mawese, kwa sababu mapipa ndiyo yaliyokuwa karibu na mlango. Tulisogea. Mapipa yalishuka moja baada ya jingine, wanaume wakayabiringisha hadi kwenye kivuli, na mimi nilikuwa nikiangalia jinsi mafuta yalivyochafua mchanga. Ndicho ninachokumbuka vizuri kuliko vyote.

Kwenye matanga niliwekwa kwenye mkeka katikati ya wanawake, nikatakiwa kulia. Sikuweza. Sikuwa nakataa. Nilikaa nikisubiri kilio kije, kama mtu anayesubiri kupiga chafya, na hakikuja. Siku ya pili shangazi wa marehemu alisema kwa sauti ya kusikika hadi nje kwa wanaume, "Macho yake makavu kama samaki wa chumvi. Muntu anayefiwa anakuwa hivyo?"

Mama mkwe alikuwa ameketi karibu nami. Alijibu bila kugeuza kichwa, "Wewe lia kilio chako. Cha wengine ukiache."

Matanga yalipokwisha ukoo ulikaa. Hatukuwa tumepata mtoto, mimi na mume wangu, na wazee waliona hakuna shida: mdogo wake, aliyekuwa akichimba bati Manono, aje anirithi. Niliambiwa, nikasema ndiyo, kama nilivyosema ndiyo kwa kila jambo msimu ule. Mama mkwe peke yake ndiye aliyeona kwamba ndani ya ile ndiyo hapakuwa na mtu. Hakusema neno mbele ya wazee. Alisubiri hadi parokia ilipotangaza kwamba hospitali ile inahitaji mtu aliyewahi kufanya kazi ya ukunga, na mimi kabla ya kuolewa nilikuwa msaidizi katika maternite, wodi ya wazazi. Basi akatoa jina langu.

Wamama walianza kutafuta nauli kule stesheni. Siku ya treni walikaanga mikate usiku ungali mbichi, wakafunga ndagala katika majani, wakapanga vitunga kando ya reli. Treni ya kwanza ilichelewa kutwa nzima, na huko kuchelewa kukatusaidia, maana abiria waliokuwa wakiingoja walikuwa wamekwisha kula chakula chao cha njiani. Tuliuza hadi makombo. Mimi nilipewa kazi ya kufunga. Niliketi pale pale ambapo mapipa yalikuwa yamebiringishwa. Mama mmoja alikumbuka, akaniuliza kwa upole kama nataka kuhamia upande mwingine. Nikamwambia hapana, hapa pana kivuli.

Halafu ikaja Jumapili ya kutangaza kanisani. Papa katekista alinisimamisha mbele, na mimi nimevaa nguo zangu nyeusi, akaeleza habari ya hospitali na ya nauli, akageuka kwangu. "Sema maneno kidogo, wakusikie."

Niliwaangalia watu. Walikuwa wengi, nyuso zote zimeinuliwa, na feni za karatasi zinatikisika mbele ya vifua. Nilitafuta la kusema nikakuta pamefagiwa.

"Nashukuru," nilisema. "Nitakwenda."

Nikarudi kukaa. Kwaya ikaanza wimbo, na kitunga kilipopitishwa kilijaa kuliko wamama walivyotarajia. Nje nilimsikia mzee mmoja akimwambia mwenzake, "Ule njo muntu wa Mungu. Hana maneno mengi." Nilipita mbele yao nikainama kuwasalimia. Hata kuona haya sikuona.

Kilichobaki tulikitafuta nyumba kwa nyumba. Mama mkwe aliongea, mimi nilisimama nyuma yake nimeshika kikapu. Tulipita mtaa wa Kataki, tukavuka daraja la mto Lukuga, tukapanda hadi nyumba za zamani za Wazungu walimokuwa wakikaa makarani wa biro. Wengine walitoa pesa, wengine walitoa kikombe cha chumvi au kipande cha sabuni tukauze. Mwalimu mmoja aliyekuwa hajalipwa mshahara wake alitupa daftari jipya, akasema nitaandikia habari za huko. Nililiweka kikapuni, na kesho yake tukaliuza sokoni.

Karibu na soko la Lubuye tuliingia kwa mwanamke mmoja mjane, aliyekuwa akipika pombe. Alitusikiliza hadi mwisho, akikoroga. Kisha akasema, "Mama, niulize kitu. Mimi nilipofiwa, nikabaki na watoto wanne, nani alipita nyumba kwa nyumba kwa ajili yangu?"

"Hakuna," alisema mama mkwe.

"Wewe ulikuwa hapa. Ulinijua."

"Nilikuwa hapa. Nilikujua. Nilikuja matangani, nikala, nikarudi kwangu."

Yule mwanamke aliacha kukoroga. Nadhani alitegemea kubishiwa. Aliingia ndani akakaa muda, na sisi tukasimama uani na moshi ukitupata machoni. Alipotoka alikuwa na kitenge, kimekunjwa bado, chenye karatasi ya dukani. Hakukitia kikapuni. Alinipa mkononi.

"Hiki usiuze," aliniambia. "Vaa. Kule wasikuone na hizo nyeusi."

Njiani mama mkwe alitangulia hadi darajani. Pale alisimama, akashika chuma cha daraja, akaangalia maji ya Lukuga yanavyolikimbia ziwa.

"Unajua kwa nini nataka uende?"

"Hapana, Mama."

"Kwa sababu ukiwa nyumbani mimi sipati nafasi. Kila nikitaka kumulilia mutoto wangu nakuangalia wewe, naona umekaa vile, naogopa. Nasema nikianguka mimi, huyu nani atamushika? Basi nameza." Alijifuta pua kwa ncha ya leso. "Nimechoka kumeza. Uende, nilie kidogo."

Nilielewa kila neno. Nilijua kwamba ni maneno makubwa, kwamba mtu mwingine angemkumbatia au angepiga magoti palepale. Nilihamisha kikapu kutoka mkono huu kwenda mkono ule, nikasema, "Ndiyo, Mama." Tukaendelea na safari.

Shemeji yangu alifika kutoka Manono wiki ile michango yetu ilipokuwa ikimalizika. Alikuja kwa baiskeli hadi Kabalo, kisha kwa treni, na vumbi la njia lilikuwa bado kwenye nyusi zake. Alikuwa kijana mwenye aibu. Alikaa na mama yake na wazee, akala, akasikiliza, na jioni alinifuata nilipokuwa nikianua nguo.

"Shemeji, wanasema nikurithi."

"Nimesikia."

"Na wewe umekubali?"

"Nimesema ndiyo."

Alikuna shingo. "Mimi niko na mwanamke kule Manono. Ana mimba. Wazee hawajui."

Nilikunja shuka. Nikamwambia, "Basi mwanamke wako asikae peke yake."

"Wewe ukienda ng'ambo, nitawaambia kwamba nangoja. Mwaka ukipita watakuwa wamezoea." Akatoa fundo la kitambaa mfukoni, pesa za bati alilouza, akaniwekea juu ya nguo zilizokunjwa. "Za nauli. Usimwambie Mama kwamba ni nyingi, atazirudisha." Nilimwambia asante. Alibaki amesimama, kama mtu anayengoja nimsamehe au nimlaumu, kisha akaniombea safari njema na kwenda zake. Fedha zile ndizo zilizomaliza kazi. Wamama walipiga vigelegele, wakapika bukari, ugali wa kwetu, na kuku, na mimi nilikula kwa sababu sahani iliwekwa mbele yangu.

Kwenye biro ya karatasi za safari tulimkuta mtu mnene aliyevaa abakosti, koti la wakubwa wa serikali, ya kijivu. Alisoma barua ya parokia mara mbili, akaniita mwananchi kwa Kifaransa cha serikali.

"Sitwayene, unakwenda kufanya kazi bure?"

"Ndiyo."

"Katika inchi ya watu. Bure. Hapa hakuna wagonjwa?"

Nilifikiri swali lake, na niliona ni swali zuri. "Wapo," nilisema.

"Sasa?"

Mama mkwe aliinua mfuko wa ndagala akauweka mezani taratibu, pembeni ya muhuri. "Papa, mutoto amefiwa," alisema. "Anakwenda kupumua tu." Yule bwana alitutazama sote wawili, akavuta mfuko upande wake, akapiga muhuri. Alipokuwa akinipa karatasi sauti yake ilikuwa imebadilika. Alisema kule milimani kuna baridi, nibebe nguo nzito.

Siku ya kuondoka wamama walikuja bandarini na kuimba. Mama mkwe hakuimba. Alikagua kamba ya mzigo wangu, akaikaza, akaikagua tena. Meli ilipoachana na gati watu wote waliokuwa kwenye sitaha walipunga mikono, na mimi nikapunga. Nilimwona akigeuka kabla ya wengine, akashika njia ya nyumbani kwa hatua za haraka, kama mtu aliyeacha chungu motoni. Nilijua anakwenda wapi na kufanya nini. Nikatafuta mahali pa kukaa.

Hospitali ilikuwa mbali na ziwa, juu, kwenye ukungu. Hawakunipeleka wodi ya wazazi. Mkunga walikuwa wamekwisha kumpata, kwa hiyo sista mkuu aliniomba radhi na kunipeleka kufulia. Nilimwambia si kitu. Tulikuwa wanawake sita, tukifua mashuka ya wodi zote kwenye mabirika ya saruji, maji yakiwa ya baridi ya kuuma mifupa. Waliongea Kiha baina yao na Kiswahili nami, wakicheka nilivyotamka. Nilifua, nilikula maharage, nililala. Miezi ilipita hivyo, na kama mtu angeniuliza hali yangu ningesema njema, na nisingekuwa nimedanganya.

Siku moja, msimu wa mvua, nilikwenda kwenye birika langu nikakuta kipande changu cha sabuni hakipo. Kila mmoja wetu alipewa mche mmoja wa kumtosha mwezi mzima, na mimi nilikuwa nimebakiza kipande kidogo. Niligeuka nikamwona msichana wa birika la pili anakitumia. Alikuwa ndiye mdogo kuliko sote, mwepesi wa kucheka, na hakuwa na ubaya wowote.

Nikapiga kelele. Sijui nilisema nini. Nilianza kwa Kiswahili chao, nikaishia kwa Kiswahili cha kwetu, kisha kwa Kiholoholo cha nyanya yangu ambacho sikujua kwamba ninacho. Kufulia kote kulisimama. Msichana alininyooshea sabuni, nikaipokea, na bado nikaendelea kupiga kelele, sabuni ikiwa mkononi mwangu, hadi sauti ilipokatika. Masikio yalikuwa ya moto. Mwanamke mkubwa wa kundi alifunika birika langu kwa shuka, akanishika bega, akanikalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Kaa," alisema. "Mashuka yatangoja."

Jioni nilimwomba yule msichana msamaha. Alisema hakukasirika, alishangaa tu, kwa sababu walidhani siwezi kuongea zaidi ya neno moja. Maharage ya usiku ule yalikuwa na chumvi nyingi mno. Nililalamika, wenzangu wakalalamika pamoja nami, na mpishi akatutukana kupitia dirishani.

Nilimaliza mwaka, nikaongeza miezi michache kwa sababu walikuwa wachache. Niliporudi Kalemie mama mkwe alikuwa bandarini. Alikuwa amekonda kidogo, na alicheka aliponiona nimevaa kitenge cha yule mjane, kimechujuka kwa kufuliwa kila wiki. Aliniambia kwamba shemeji alikuwa amepata mtoto wa kike, wazee wamefoka na wamenyamaza, wala habari ya kunirithi haitajwi tena. Tukabeba mzigo wawili, kila mmoja na upande wake. Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ya salongo, kazi ya lazima ya mtaa, na kapita, msimamizi wetu, alipita akigonga milango, kwa hiyo tulichukua majembe tukaenda na majirani kufyeka kando ya barabara.