Alama ya Dole Gumba la Ardith

Bafu la Verlin Stambaugh halijaogewa tangu Jumanne. Leo ni Alhamisi, saa tatu asubuhi, na juu ya beseni la kuogea unaning'inia mtutu wa bunduki kuukuu ya jeshi, mali ya mteja, mwekundu kwa kutu mwanzo hadi mwisho. Kutu hiyo ameilea mwenyewe. Maji ya moto yanachuruzika, mvuke umetanda, na mzee huyu wa miaka sabini na minane anachungulia mlangoni kama anayeangalia mkate kwenye oveni.

"Mimi naoga kwenye sinki la jikoni," anasema. "Nani atanigombeza?"

Katika vilima hivi vya Pennsylvania, wawindaji humletea silaha zilizochakaa. Leseni yake ya ufundi wa bunduki imebandikwa kwenye friji. Husugua chuma kwa msasa mpaka kibaki kitupu, hupaka dawa ya kuleta kutu, huacha kutu ishike, kisha huchemsha mtutu majini mpaka wekundu ugeuke weusi unaokinga chuma. Hurudia mara saba, wiki nzima, kwa dola 180.

Sharti ni moja: usiguse kwa mkono mtupu, vaa glavu. Mafuta ya kidole yakishika kabla kazi haijaisha, alama haitoki mpaka uparue kila kitu na kuanza upya.

Jirani yake, Merle Koontz, amekuja kuchukua bunduki yake. Anaigeuzageuza, anafurahi, kisha anaona nyingine imeegemea ukuta.

"We Verlin! Za watu zinang'aa, yako inaota uyoga!"

"Chukua yako uende, Merle."

"Siku moja ya msasa tu, bwana. Unaogopa nini?"

"Nenda. Na ufunge mlango, mvuke unatoka."

Merle anaondoka akicheka. Verlin hacheki. Anaichukua ile bunduki na kuielekeza dirishani. Ni Mauser ya jeshi la Sweden, aliyoinunua mwaka 1968 kwenye duka la misumari na rangi, ambako bunduki za aina hiyo zilikuwa zimesimamishwa ndani ya pipa kama mifagio. Ndiyo ya kwanza kuipaka weusi maishani mwake.

Karibu na mwanzo wa mtutu, ndani ya weusi huo, kuna alama ya dole gumba, mistari yake yote ikionekana. Ni la Ardith, mke wake, ambaye siku moja ya wiki ile alitaka kuoga, akausogeza mtutu kando kwa mkono mtupu.

"Nilimfokea," anasema Verlin. "Nikamwambia ameniharibia kazi ya wiki nzima. Akanijibu, 'Basi ioe hiyo bunduki, mimi naoga.' Nikanuna siku mbili. Mjinga mimi."

Aliapa kuirudia, hakuirudia. Ardith alifariki miaka minne iliyopita. Nguo zake zilikwenda kanisani, harufu yake ikaisha kwenye mto. Dole likabaki.

Kiangazi hiki maji yalifurika kwenye chumba cha chini ya nyumba, ilikokuwa bunduki. Hii si kutu ya kulea, ni ile inayokula chuma. Imeingia chini ya weusi, na mafuta anayoipaka bunduki yanaichelewesha tu. Imebakiza upana wa punje ya mahindi kulifikia dole. Asiposugua, kutu italila. Akisugua, atalifuta kwa mkono wake mwenyewe.

"Kila asubuhi naja kuangalia," anasema, na machozi yanamtoka bila kuyaficha. "Kila asubuhi imesogea."

Jumapili iliyopita binti yao, Loretta, anayeishi Texas na hajaja kuwinda kwa miaka sita, alipiga simu.

"Baba, Novemba nakuja. Nataka kuwinda kulungu na bunduki ya nyumbani. Isafishe basi."

Ndipo Verlin akamweleza habari za dole.

"Ni la mama?" Loretta akauliza. "Baba, miaka yote hiyo mimi nilidhani ni uchafu!"

Verlin ameamua. Ataisugua, lakini hataigusa mpaka Loretta afike. Kuutundika mtutu bafuni ni kazi ya watu wawili: mmoja anashika, mwingine anafunga waya. Tangu afiwe na mke, anafunga kwa meno.

"Safari hii Loretta atashika," anasema. "Ana vidole vya mama yake."

Na glavu je, amemnunulia? Verlin anatikisa kichwa na kutazama mlango wa bafu.

"Ninayo jozi moja tu," anasema. "Nitaivaa mimi."